Shimo la Muhugu

Muhugu una kiburi chake. Ukiukata na kuuacha juani kabla haujachongwa, unapasuka katikati, na mchongaji anabaki na kuni za bei ghali. Ndiyo maana kila Mkamba aliyewahi kushika tezo anajua kuuficha. Wengine huufunika kwa magunia yaliyoloweshwa, wengine huusukuma chini ya kitanda, na wenye nafasi huuzika ardhini kama maiti, kisha wakaufukua gogo moja moja kadiri kazi inavyotaka.

Mutie aliuzika. Nafasi hakuwa nayo, lakini alijipa. Nyuma ya chumba chake cha mabati kule Mukuru kwa Njenga palikuwa na kipande cha ardhi kisicho na mwenyewe, kati ya ukuta wake na ukuta wa jirani yake Gordon, kikiteremka hadi Mto Ngong. Matete yalikuwa yamejaa pale, na udongo wake haukukauka hata kiangazi kikiwa kikali namna gani. Mutie akayang'oa matete yote pamoja na mizizi, akachimba shimo refu la kumfika kifuani. Upande wake alikutana na mawe, kwa hiyo akazidi kuingia upande wa Gordon, ambako udongo ulikuwa laini. Hakuona ubaya wowote. Chumba cha Gordon ndicho kilichokuwa cha mwisho kabla ya mto, na nyuma yake hapakuwa na mtu wa kupita.

Angeweza kuyaweka magogo kule bandani, ng'ambo ya Gikomba, alikokaa na wenzake mchana kutwa wakichonga twiga na vifaru vya kupelekwa Ulaya. Lakini bandani askari wa misitu walikuwa na mazoea ya kuingia bila kubisha hodi, wakauliza karatasi ya kila kipande. Na muhugu wa mwaka ule haukuwa na karatasi.

Uliletwa na Wanyoike, mtu wa pikapu, mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba, wakati nchi nzima ilikuwa inatazama mbingu na mbingu haziitazami. Wachongaji walikuwa wameshazoea kupata vijiti vya unene wa mkono. Siku hiyo Wanyoike alifungua turubai na Mutie akaona magogo ambayo hakuwa ameyaona tangu ujana wake, alipokuwa akifundishwa kazi na mjomba wake kule Wamunyu, Ukambani. Magogo mazito, yamenyooka, mabichi, yananukia mpaka mate yakamjaa mdomoni.

“Imetoka wapi hii?” aliuliza.

“Huko juu, mto inakoanzia,” alisema Wanyoike. “Wanapima ploti. Kila kitu inaangushwa. Chukua saa hii, Mutie. Mwaka ujao utakuwa unachonga mwarobaini kama wengine.”

Mutie alichukua yote. Alitoa alichokuwa nacho na alichokuwa nacho mkewe Kavinya, na Kavinya akanuna wiki nzima. Lakini mchongaji akiona muhugu wa namna ile hana masikio. Tayari kulikuwa na mfanyabiashara aliyetaka twiga wakubwa, wa kumzidi mtu kimo, na twiga wa kimo hicho hatoki kwenye kijiti.

Sasa niseme habari za Gordon. Gordon alikuwa mtoto wa reli. Alizaliwa kwenye nyumba za reli za Landi Mawe, babake alichochea moto kwenye garimoshi, na yeye mwenyewe alifanya kazi reli mpaka walipoanza kupunguza watu. Alipopunguzwa aliwarudisha mkewe na watoto Siaya, akahamia Mukuru, akawa anasimama kila asubuhi kwenye mageti ya Industrial Area pamoja na vibarua wengine. Aliyebaki naye ni mama yake, Elsie, aliyekuwa hawezi kusafiri. Miguu yake ilikuwa imevimba kama mihogo iliyolowekwa, na kutoka kitandani hadi kwenye kigoda cha mlangoni ilikuwa ni safari ya kushikwa huku na huku. Kichochoro kizima kilimwita Dani, ndilo jina la bibi kwa Kijaluo. Mungu alikuwa amemnyima miguu akamwongezea ulimi.

“Mutie,” angemwita akimwona anatoka na mfuko wake wa tezo, “hiyo twiga unachonga, umewahi kuiona na macho?”

“Nimeiona kwa picha, Dani.”

“Basi siku mtakutana, hata yeye atauliza wewe ni mnyama gani.”

Mutie angecheka mpaka Gikomba. Alimpenda yule mama. Liwe wazi hilo, kwa sababu baadaye wako waliosema hakumjali, na huo ni uongo. Jumapili alimpelekea chai, akakaa naye mlangoni, na mara nyingi ndiye aliyemshika mkono wa kushoto, Gordon akishika wa kulia, wakimtoa nje aote jua. Mamake mwenyewe alikuwa amekufa zamani. Kwa Dani alipata mtu wa kumgombeza tena.

Mvua ilianza Oktoba, na mwanzoni watu waliishangilia. Watoto walicheza ndani yake uchi. Kavinya alikinga maji kwenye mabeseni yote aliyokuwa nayo na mengine ya kuazima. Halafu ikawa haikomi. Barabara za ndani zikageuka uji, vyoo vikafurika, na mto uliokuwa umenuka kiangazi kizima ukaanza kunguruma. Redio ikaipa mvua jina: El Niño. Walisema bahari ya upande wa pili wa dunia imepata joto, na joto hilo ndilo lililotuletea mawingu. Basi ikawa kila kitu ni El Niño. Sukari ikipanda ni El Niño, mume akichelewa kurudi ni El Niño.

Dani hakukubali kutishwa na jina.

“Sitini na moja ilinyesha kama hii,” alimwambia Mutie Jumapili moja. “Tulikuwa Landi Mawe. Ilinyesha mpaka treni zikalala. Lakini mto ilikuwa inapanda pole pole, kama mtu mzima anapanda ngazi. Unakaa siku, siku, ndiyo unaona maji imeanza kuwa nyekundu. Saa hii wingu ikikaa huko Ngong saa ya chai, kabla hatujapika ugali maji iko hapa, imebeba mpaka viatu vya watu.”

“Ni El Niño, Dani. Bahari imechemka.”

“Bahari iko mbali, nyathina, mtoto wangu. Mto iko hapa. Hiyo miti ya huko juu ilikuwa inakunywa kwanza, ikishiba ndiyo inatuachia sisi. Saa hii nani anakunywa?”

Mutie alitazama chai yake. Alijua ni nani aliyekuwa ameizika ile miti iliyokuwa ikinywa. Lakini mtu akishajua jambo asilotaka kulijua, hutafuta la kuzungumza, na Mutie akazungumza habari za bei ya nyanya.

Ufa wa kwanza ulionekana kwenye sakafu ya Gordon. Ulikuwa mwembamba, ungeweza kudhani ni unywele. Ulianzia kwenye ukuta wa upande wa shimo ukapita chini ya kitanda cha Dani. Gordon aliuziba kwa udongo na simiti kidogo aliyoipata kazini. Ukafunguka tena pembeni. Kila mtoto aliyepita darasani ameambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini hakuna mwalimu anayekwambia ufanye nini ikiwa ufa uko kwako na kinachouleta kiko kwa jirani.

Gordon alikuja jioni, bado ana vumbi la kiwanda kwenye nyusi. Hakupandisha sauti. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti.

“Mutie, hii shimo yako inakula nyumba yangu.”

“Si shimo, Gordon. Ni mto.”

“Mto ilikuwa hapo mwaka jana. Shimo haikuwa. Toa hizo mbao, tuifukie. Mimi mwenyewe nitabeba mchanga.”

“Nikiyatoa saa hii nitayaweka wapi? Jua likitoka siku moja tu, yamekwisha. Niko na twiga mbili sijaanza hata. Nipe mpaka nimalize oda.”

“Oda inaisha lini?”

“Karibu. Ni wiki chache.”

Gordon alimtazama. “Wewe unajua mama hawezi kukimbia,” alisema, na akaenda zake.

Usiku ule Kavinya naye alianza. “Baba Nthoki, hayo magogo utayalaza lini kitandani mimi nihame?” Alisema kwa mzaha, lakini hakuwa akicheka. Mutie akamwambia kwamba mti huo ndio utakaomlipia Nthoki shule huko nyumbani, kwamba haupo mwingine, kwamba msitu umekwisha na kilichobaki cha msitu kiko mle shimoni. Alisema kweli, ingawa si yote. Ndilo lililomfanya asione aibu. Mtu mwenye uongo mkononi huwa na wasiwasi, lakini mwenye kweli nusu hulala fofofo.

Wiki moja ikazaa nyingine. Kila Gordon alipouliza, Mutie alikuwa karibu kumaliza. Twiga wa kwanza alisimama bandani, shingo imepinda kidogo kama anasikiliza, mzuri mpaka wachongaji wengine walikuja kumshika. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo lililoumia halikuwa la Mutie.

Kisha ikaja Jumamosi ile. Ilikuwa imenyesha tangu Alhamisi bila kupumua. Mutie alikuwa bandani na mchongaji mwenzake Muoki, kijana wa Machakos aliyekuwa na mabega ya kubeba gunia kila upande, wakati mtu aliyetoka pande za Mukuru alipopita akisema mto umeshaanza kulamba milango. Mutie aliacha tezo chini.

Nataka kusema kwamba jambo la kwanza alilolifikiria ni Dani. Sivyo. Aliona magogo yake yakielea kwenda Athi River, yakifika baharini, na wazungu wakiyaokota bure. Aliruka.

“Muoki, twende. Tafuta mkokoteni.”

Walifika mchana, mvua ikiwapiga usoni. Kichochoro kilikuwa kimejaa watu wanaohamisha vitanda, majiko, redio, kuku. Kila mtu alikuwa na lake. Kavinya alikuwa sokoni, Gordon alikuwa kibaruani, kwa sababu kibarua asiyefika Jumamosi hukuta Jumatatu nafasi yake ina mtu. Mto ulikuwa umefika kwenye ukingo kabisa, maji mekundu yamevimba, yanazunguka. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua nusu, lakini magogo yalikuwa palepale, yamebanana kwenye udongo.

Waliingia ndani ya shimo na kuanza kuvuta. Mutie alisikia udongo ukifyonza kila gogo lilipotoka, kama mtu anayenyonya jino. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba magogo yale ndiyo yaliyokuwa yameshika ule ukingo. Alikuwa ameng'oa matete na kuweka magogo mahali pa mizizi, na sasa alikuwa anayang'oa magogo.

Sauti ya Dani ilitoka upande wa pili wa mabati. Ilikuwa karibu sana, angeweza kunyoosha mkono na kugonga.

“Mutie? Ni wewe?”

“Ni mimi, Dani.”

“Unafanya nini na hii mvua? Umeanza kufukia?”

Mutie alikuwa amekumbatia gogo, matope yamemfika mapajani. “Naam, Dani,” alisema. “Naanza.”

“Asante, nyathina. Nilimwambia Gordon utafukia.”

Walipakia gogo la mwisho. Mkokoteni ulikuwa umejaa mpaka vyuma vyake vikalia. Muoki alipangusa uso, akatazama mlango wa Gordon, akatazama mto.

“Buda, si tumtoe huyo mathe kwanza? Tumweke hapa juu. Mbao tunarudia.”

“Tukishusha magogo hapa yataenda na maji,” alisema Mutie. “Tupeleke haya pale kwa ukuta wa kiwanda, turudi na mkokoteni mtupu, tumbebe vizuri akiwa amekaa. Si mbali.”

Haikuwa mbali. Walisukuma mkokoteni kwenye mwinuko, wakashusha magogo kando ya ukuta wa kiwanda, mahali pa juu. Muoki alitaka wageuze papo hapo. Lakini Mutie aliyapanga kwanza, moja juu ya jingine, akayafunika kwa magunia, akaweka turubai juu ya magunia, akatafuta mawe ya kulishikilia turubai lisipeperuke. Mikono ilifanya kazi hiyo yenyewe, kama ilivyofundishwa kule Wamunyu. Huachi muhugu wazi. Hata kukiwa na mvua, huachi muhugu wazi.

Waliporudi na mkokoteni mtupu, watu walikuwa wamesimama kwenye kichochoro, na Mutie aliona mto mahali ambapo hakuwa amezoea kuuona. Ukingo wote ulikuwa umeanguka, kuanzia shimo hadi majini. Chumba cha Gordon hakikuwepo. Bati moja la paa lilikuwa limekwama kwenye matope, linapiga kelele kila maji yalipoligusa. Chumba cha Mutie kilikuwa kimesimama, kimeshikwa na yale mawe yaliyomkataa alipokuwa anachimba.

Waswahili husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Waswahili wana imani kubwa na dunia hii.

Walimtafuta. Mutie aliingia majini mpaka wakamfunga kamba kiunoni wamrudishe kwa nguvu. Gordon alifika jioni, akaambiwa na watu kumi kwa pamoja, akapita katikati yao na kwenda kusimama kwenye ukingo. Siku zilizofuata walishuka na mto, wakauliza kwenye kila daraja, wakapekua kila rundo la takataka. Walipata kigoda. Mama hawakumpata.

Watu walikuja kumpa Gordon pole na wote walisema neno moja. El Niño. Hata mchungaji alisema El Niño. Mutie alikuwa akilisikia akiwa amekaa pembeni, na kila liliposemwa alihisi amepewa blanketi, na kila alipohisi hivyo alitamani kulitupa. Alingoja Gordon amkabili.  Lakini Gordon alilala kwa rafiki yake wa reli kule Makongeni, akaja mchana kutembea kando ya mto, akarudi.

Kisha asubuhi moja alisimama mlangoni kwa Mutie. Alikuwa amekonda.

“Nimeongea na mjomba kwa simu,” alisema. “Kwetu mtu akipotea kwa maji hatuziki jeneza tupu. Kuna tunda ya mti fulani, tunaita yago. Inawekwa ndani mahali yake, inazikwa kama mtu. Mjomba anasema ikipatikana kando ya huu mto uliomchukua, ndiyo vizuri. Mimi nilizaliwa hapa Nairobi. Hiyo mti siijui hata nikikanyaga. Wewe ni mtu wa miti.”

Mutie aliujua. Kwa Kiswahili ni mwegea, ule mti wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama soseji za mchinjaji, na kwao Ukambani matunda yake hukaushwa na kutiwa kwenye pombe ya asali. Alikumbuka aliiona miwili zamani, huko juu, siku alizokuwa akienda mwenyewe na Wanyoike kuchagua magogo.

“Najua ilipo,” alisema. Akachukua koti na panga.

Waliufuata mto kuupandisha, wakapita viwanda, wakapita bwawa lililojaa magugu na matope, wakaendelea mpaka mji ukaanza kukatika. Gordon alitangulia ingawa hakuijua njia.  Mvua ilikuwa imepungua kidogo, ikibaki manyunyu tu.

Msitu haukuwa pale Mutie alipouacha. Alisimama akidhani amepotea. Palikuwa na mteremko mwekundu, mtupu, na mawe meupe ya kupimia viwanja yamesimamishwa kwa mistari. Visiki vilikuwa kila mahali. Mutie aliinama kwenye kimoja akakigusa, akanusa kiganja, na harufu ikamwambia alichokuwa anajua. Hiki kilikuwa twiga. Kile pale, chenye kovu upande mmoja, gogo lake alikuwa amelikumbatia Jumamosi ile akiwa ndani ya matope. Maji yalikuwa yanashuka juu ya udongo huo kwa vijito vingi vyekundu, kila kimoja kinakimbilia kingine, na vyote vilikuwa na haraka ya kufika mtoni.

Mbele kidogo kilibaki kipande cha msitu ambacho hakikuwa kimefikiwa. Waliingia. Baridi iliwashika mara moja, na kelele ya mvua ikabadilika. Juu ya vichwa vyao matone yalikuwa yanagonga majani, lakini chini yalifika mojamoja, kwa uvivu, na ardhi iliyojaa majani makavu iliyapokea bila hata kulowa sana. Palikuwa na kijito hapo. Maji yake yalikuwa meupe. Ungeweza kuona mawe chini.

Gordon alisimama akaangalia kijito kile, kisha akageuka akaangalia nyuma kulikotoka maji mekundu. 

“Lakini mvua ni ileile,” alisema.

“Ndiyo,” alisema Mutie.

“Inanyesha hapa na inanyesha pale.”

“Ndiyo.”

Mwegea mmoja ulikuwa umeangushwa mpakani, umelala na matawi yake yote, kwa sababu mbao zake hazikuwa na mnunuzi na hakuna aliyejisumbua kuubeba. Matunda yalikuwa bado yameshikilia. Mutie alikata moja kwa panga, kubwa, zito, urefu wa mkono wake, akalipangusa matope kwa shati lake mwenyewe. Gordon alilipokea kwa mikono miwili. Alilishika kifuani, akawa kama hajui kama anapaswa kulikumbatia au kulibeba tu.

Akakaa juu ya shina la mwegea. Mutie alibaki amesimama.

“Muoki aliniambia mambo ya mkokoteni,” alisema Gordon.

Mutie alipangusa panga kwa majani. 

“Sikuulizi hiyo,” Gordon aliendelea. “Nataka kujua kitu moja tu. Mlikuwa karibu na ukuta. Mama alisema nini?”

Mutie angeweza kusema hakusema kitu. Muoki alikuwa upande wa pili wa shimo, hakusikia. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa amesikia isipokuwa yeye na marehemu. Alifungua mdomo aseme hivyo, akaona jinsi Gordon alivyolishika lile tunda, akashindwa.

“Aliniuliza kama nimeanza kufukia.”

“Ukamwambia nini?”

“Nikamwambia naanza.”

Gordon alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu iliyomtesa.

“Nilikuwa najiuliza kila siku,” alisema. “Mama yangu, na hiyo mdomo yake. Watu walikuwa wamejaa kwa njia. Angepiga nduru mara moja tu, mtu angembeba. Si yeye alikuwa anaita watu hata akiona panya? Nikasema labda alilala. Labda roho ilisimama kabla ya maji. Nilikuwa naomba iwe hivyo.” Aliinuka. “Kumbe alinyamaza kwa sababu alikuwa anakungoja.”

Mutie alianza kulia. Gordon hakumtazama. Aliliweka tunda vizuri kwenye kifua chake akaanza kushuka kwenye ule mteremko mwekundu, maji yakimpita miguuni. Katikati ya visiki aliteleza, goti likagonga chini, tunda likataka kumponyoka. Mutie aliruka mbele akanyoosha mikono kulidaka.

“Usimguse,” alisema Gordon.

Akajiinua mwenyewe, akalishika upya, akaendelea kushuka. Mutie alirudisha mikono, akamfuata kwa mbali hadi barabarani.